Betio, Novemba 1943: Divisheni ya 2 ya askari wa majini na maji yaliyokataa kujaa

Tarehe 20 Novemba 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 2 ya Askari wa Majini wa Marekani ilishambulia Betio, kisiwa kilichoko pembe ya kusini-magharibi ya atoli (mzunguko wa visiwa vya matumbawe) ya Tarawa katika visiwa vya Gilbert, nchi ambayo leo inaitwa Kiribati. Mapigano yalichukua saa 76. Yalipomalizika, Wamarekani wapatao 1,000 au zaidi kidogo walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya 2,000 wamejeruhiwa. Kwa upande wa pili, ule wa Wajapani, kati ya watu wapatao 4,800 waliokuwa kisiwani, waliokamatwa hai walikuwa 146 tu. Haya yote yalitokea mahali ambapo urefu wake haufiki kilomita 4, na pale palipo papana zaidi hapafiki mita 800.

Kisa hiki huelezwa mara nyingi kuwa ni cha bahati mbaya: maji hayakujaa, mashua zikakwama juu ya mwamba, na vijana wakalazimika kutembea majini mamia ya mita huku bunduki za rashasha zikiwamiminia risasi. Maelezo hayo ni ya kweli, ila yanaishia katikati ya njia. Wakuu wa divisheni walikuwa wameonywa kuhusu maji, tena na mtu aliyeyafahamu, na wao wenyewe waliwaambia askari wao kwamba huenda wakatembea. Hasara ya siku ya kwanza ilitokana na namna onyo hilo lilivyojibiwa: vyombo vya kuvuka mwamba vilipatikana kwa mawimbi matatu ya kwanza ya askari tu, na waliofuata nyuma wakaachwa wategemee bahari.

Divisheni hiyo iliundwa San Diego mwezi Februari 1941. Rejimenti zake za askari wa miguu zilikuwa tatu, yaani ya 2, ya 6 na ya 8, zikisaidiwa na Rejimenti ya 10 ya mizinga na ya 18 ya wahandisi. Zilipigana Guadalcanal, katika visiwa vya Solomon, kwa nyakati tofauti kuanzia Agosti 1942 hadi mapema mwaka 1943, kisha zikapelekwa New Zealand, karibu na Wellington, kupumzika na kujijenga upya. Askari wengi walifika huko wakiwa hoi kwa malaria, na homa iliendelea kuwarudia kwa miezi kadhaa. Kamanda wao, Meja Jenerali Julian Smith, alikuwa mtu mpole aliyependwa na askari wake. Ofisa wa mipango, David Shoup, ndiye aliyechora sehemu kubwa ya mpango wa Betio, na kamanda wa Rejimenti ya 2 alipougua siku chache kabla ya shambulio, Shoup akapandishwa cheo kuwa kanali na kukabidhiwa rejimenti hiyo. Hivyo mtu aliyeandika mpango ndiye aliyekwenda kuutekeleza ufukweni, jambo ambalo halitokei mara nyingi vitani.

Betio ilitakiwa kwa sababu ya uwanja wake wa ndege. Marekani ilikuwa ikijiandaa kuingia visiwa vya Marshall mwanzoni mwa mwaka 1944, na ilihitaji mahali pa karibu ambapo ndege zingeweza kuruka kwenda kupiga picha na kupiga mabomu. Kisiwa chenyewe hakikuwa na ulinzi mkubwa hadi Agosti 1942, wakati kikosi kidogo cha Wamarekani kiliposhambulia Makin, kisiwa jirani, kisha kikaondoka. Shambulio lile halikuwaletea Wamarekani faida kubwa, lakini liliwazindua Wajapani kuhusu udhaifu wa visiwa vya Gilbert. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo walijenga bila kupumzika: mahandaki ya zege yaliyofunikwa kwa magogo ya minazi na mchanga, mizinga minne mikubwa ya milimita 203, na ukuta wa magogo ya minazi uliozunguka sehemu kubwa ya ufuo, ambao kimo chake kilifika kifuani mwa mtu. Kazi ya sulubu ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua wa Kikorea wapatao 1,200, ambao wengi wao hawakwenda kwa hiari yao. Katika watu 146 waliotoka hai, 129 walikuwa Wakorea, na Wajapani walikuwa 17. Ni hapo hapo Betio, mwezi Oktoba 1942, ambapo watu 22, wengi wao wakiwa walinzi wa pwani kutoka New Zealand, waliuawa baada ya kutekwa. Wanaosimulia vita hii kama pambano la majeshi mawili peke yake huwasahau watu hawa, na mimi sioni sababu ya kuwaacha nje.

Upelelezi wa divisheni ulikuwa mzuri kuliko ilivyotarajiwa. Nyambizi Nautilus ilizunguka atoli ikipiga picha za ufuo kupitia periskopu, na ndege zikapiga picha kutoka juu. Katika picha hizo zilionekana safu za vyoo vilivyojengwa juu ya maji, maafisa wakavihesabu, wakakadiria kila kimoja kinatumiwa na watu wangapi, na wakapata idadi ya walinzi iliyokaribia sana idadi halisi. Kwa hiyo divisheni ilijua inakwenda kupambana na watu wangapi, ilijua mizinga mingi iko wapi, na ilijua kwamba upande wa kusini na wa magharibi ndiko adui alikotarajia kushambuliwa. Ndiyo maana ulichaguliwa ufuo wa kaskazini, unaotazama bahari ya ndani iliyokingwa na atoli, ambako ulinzi ulikuwa bado haujakamilika.

Lakini kujua hakukutosha kumpa Julian Smith alichotaka. Aliomba kisiwa kipigwe mizinga kwa siku kadhaa kabla ya askari kushuka, akakataliwa, kwa sababu wakuu wa jeshi la majini waliogopa kwamba manowari za Japani zilizokuwa Truk, kituo chao kikubwa cha majini katika Pasifiki, zingepata muda wa kuja. Alipewa saa zipatazo 3. Aliomba kwanza kukamata Bairiki, kisiwa kidogo kilicho jirani, ili aweke mizinga yake huko, hilo nalo likakataliwa. Kisha akaambiwa kwamba Rejimenti ya 6, theluthi ya askari wake wa miguu, itashikiliwa kuwa akiba ya mkuu wake, Jenerali Holland Smith, na asiitumie bila ruhusa. Kwa mahesabu hayo angekwenda kushambulia ngome kwa watu wasiofika hata mara mbili ya walinzi. Alichofanya kinaonyesha uzito wa jambo: alitaka aamriwe rasmi kushambulia Betio moja kwa moja, ili ieleweke kwamba uamuzi huo haukuwa wake. Amri hiyo alipewa. Sijui njia iliyo wazi zaidi ambayo ofisa angeweza kuitumia kueleza wasiwasi wake bila kuvunja nidhamu.

Sasa tuje kwenye maji. Betio imezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoenea mamia ya mita kutoka ufuoni, na upande wa kaskazini lilikuwapo gati refu lililokata juu ya mwamba huo hadi kwenye kina. Mashua za Higgins, ambazo ndizo zilizokuwa vyombo vya kawaida vya kushushia askari, zilihitaji kina cha zaidi ya mita 1 ili kupita. Divisheni ilikusanya mabaharia na wakazi wa zamani wa visiwa vile, Waingereza, Waaustralia na watu wa New Zealand, na wengi wao wakasema kwamba maji yatafika kiasi cha mita 1.5. Mmoja alipinga. Meja Frank Holland wa New Zealand alikuwa ameishi Tarawa kwa miaka mingi na aliyazoea maji ya huko. Aliposikia tarehe, alishtuka, akasema hayatazidi sentimita 90.

Msomaji wa pwani ataelewa mara moja alichokuwa akisema Holland. Mwezi ulikuwa katika robo yake ya mwisho, na kila mvuvi anajua kwamba huo ni wakati wa maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana. Walichokosa wote, pamoja na Holland mwenyewe, ni sehemu ya pili ya maelezo, ambayo mwanafizikia wa Texas aitwaye Donald Olson aliipata kwa hesabu mwaka 1987: siku ile ile mwezi ulikuwa pia umefika karibu na mahali ulipo mbali kabisa na dunia, hivyo nguvu yake ya kuvuta maji ilikuwa imepungua zaidi. Mambo hayo mawili yakakutana. Kwa muda wa siku mbili hivi maji yalikaa karibu mahali pamoja, yakipanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana. Mtu aliyesimama juu ya mwamba akisubiri bahari ijae angesubiri bure mchana kutwa.

Julian Smith hakumpuuza Holland. Aliwaambia makamanda wake kwamba uwezekano wa kutembea juu ya mwamba ni nusu kwa nusu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Swali la kina cha maji lilichukuliwa kana kwamba ni la kura, ambapo sauti nyingi zilisimama upande mmoja na moja upande wa pili, na matokeo yakawa makadirio ya katikati. Lakini rai zile hazikuwa na uzito sawa. Wengi wa wale waliosema mita 1.5 walizungumza juu ya bahari ya Tarawa kwa jumla, ilhali Holland alizungumza juu ya tarehe moja. Swali la siku hiyo lilikuwa la tarehe.

Jibu la divisheni kwa hiyo nusu mbaya lilikuwa trekta za majini, vyombo vya chuma vyenye minyororo kama ya kifaru, vinavyoelea majini na kisha kupanda juu ya mwamba. Hadi wakati ule vilitumiwa kubebea mizigo, na wazo la kuvijaza askari na kuvipeleka mbele ya risasi lilikuwa jipya. Divisheni ilikuwa nazo 75 zilizobaki katika hali ya kufaa, nyingi zikiwa zimechakaa tangu Guadalcanal. Mafundi walizifunga mabamba ya chuma mbele na kuziongezea bunduki. Mpya 50 zilipatikana baada ya Holland Smith kubishana vikali na Admirali Turner, mkuu wa meli za uvamizi, na kumwambia kwamba bila trekta hizo hakuna shambulio. Zililetwa kupitia Samoa, zikaukuta msafara karibu na siku ya vita, bila kushiriki mazoezi yaliyofanyika Efate. Jumla ilikuwa 125. Katika mawimbi matatu ya kwanza zilipangwa 87, za kubeba askari wapatao 1,500, na baada ya kuwashusha zingerudi kwenye ukingo wa mwamba kuwachukua waliobaki mashuani. Mpango wote wa maji machache ulining'inia kwenye hiyo safari ya pili.

Asubuhi ya tarehe 20 mambo yaliharibika tangu mwanzo. Meli za askari zilikuwa zimetia nanga mahali pasipofaa na ikabidi zihame huku mizinga ya kisiwa ikizilenga. Manowari Maryland, ambamo Admirali Harry Hill na Julian Smith walikuwamo, ilipofyatua mizinga yake mikubwa, mtikisiko ulizima redio zake yenyewe. Trekta zilikwenda polepole kuliko ilivyohesabiwa, saa ya kushuka ikasogezwa kutoka saa 2:30 hadi 2:45, kisha hadi saa 3:00. Kufikia kama saa 2:55 Hill aliamuru mizinga inyamaze, kwa kuwa moshi ulikuwa mzito na aliogopa kuwapiga watu wake. Trekta ya kwanza iligusa ufuo saa 3:10, na zile za fukwe nyingine mbili saa 3:17 na 3:22. Katika dakika hizo za kimya, Wajapani waliokuwa wameelekezwa kusini walitoka mahandakini na kuhamia upande wa kaskazini.

Hata hivyo trekta zilifanya kazi yake. Nyingi zilifika hadi kwenye ukuta wa magogo, na hasara ndani yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na yaliyofuata. Kisha zikageuka. Nyingine zilipigwa zikirudi, na nyingine, zikiwa zimetobolewa kwa risasi, zilizama mara tu zilipofika kwenye kina. Ile safari ya pili, kwa sehemu kubwa, haikuwapo.

Mashua za wimbi la nne na yaliyofuata ziligonga mwamba na kusimama. Milango ikashushwa. Askari waliokuwa na mizigo mizito waliingia kwenye maji ya kiunoni, mengine ya kifuani, na kuanza kutembea mita 500 na zaidi mahali ambapo hapana pa kujificha isipokuwa nguzo za gati. Batalioni ya 3 ya Rejimenti ya 8, chini ya Meja Robert Ruud, ilivunjika mbele ya macho ya wenzao waliokuwa tayari ufuoni. Luteni Kanali Herbert Amey, kamanda wa batalioni ya ufuo wa kati, aliuawa kabla ya kufika nchi kavu. Vifaru 14 vya Sherman vilishushwa ukingoni mwa mwamba, na kwa kuwa chini ya maji palikuwa na mashimo ya makombora, askari walitangulia kwa miguu mbele ya vifaru, wakipapasa chini na kuonyesha njia huku wakipigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Wengine walishika nafasi za walioanguka. Sijasoma tendo lolote la siku ile linalonigusa kuliko hilo.

Shoup alijeruhiwa mguuni akiingia, akafika ufuoni kupitia kando ya gati, na kuweka makao yake ubavuni mwa handaki la Kijapani ambalo ndani yake bado mlikuwa na Wajapani hai, ikabidi aweke walinzi kwenye milango yake. Jioni walikuwapo kisiwani Wamarekani wapatao 5,000, na katika hao kiasi cha 1,500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Julian Smith alipoomba kuachiliwa Rejimenti ya 6, ujumbe wake ulikuwa na maneno yanayosema kwamba matokeo yana shaka. Ruhusa ilitolewa.

Usiku ule kila mtu ufuoni alingojea Wajapani waje. Hawakuja. Kamanda wao, Admirali Keiji Shibazaki, aliuawa pamoja na maafisa wake, kwa dalili zote mchana wa siku hiyo ya kwanza, kombora la manowari lilipowapata wakihama kutoka handaki moja kwenda jingine, na simu zao za waya zilikuwa zimekatwa kwa mabomu. Kama wangeshambulia usiku huo kwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi ambavyo ukanda ule mwembamba wa mchanga ungeshikiliwa. Badala yake Wamarekani walipata muda wa kuingiza mizinga midogo ya milimita 75, iliyofunguliwa vipande vipande na kubebwa mabegani juu ya mwamba gizani.

Alfajiri ya tarehe 21 ndiyo inayoniwia vigumu kuitetea. Batalioni ya 1 ya Rejimenti ya 8 ilikuwa imelala mashuani usiku kucha, na ilipoamriwa kushuka ilipelekwa kwenye mwamba ule ule, mbele ya bunduki zile zile, pamoja na nyingine ambazo Wajapani walikuwa wameziingiza usiku katika mabaki ya trekta na ya meli iliyokwama. Zaidi ya 300 waliuawa au kujeruhiwa. Maji yalijulikana sasa, hayakuwa tena suala la makadirio. Kisingizio pekee ni mawasiliano: redio zilizolowa hazikufanya kazi, na aliyekuwa manowarini hakuona alichokiona aliyekuwa ufuoni.

Wakati huo huo, upande wa magharibi, Meja Michael Ryan, kamanda wa kampuni, alikuwa amewakusanya askari wa batalioni mbalimbali waliotawanyika, pamoja na vifaru viwili. Akisaidiwa na mizinga ya manowari iliyoelekezwa na ofisa aliyekuwa naye, aliusafisha ufuo wote wa magharibi kufikia mchana. Jioni Batalioni ya 1 ya Rejimenti ya 6 iliingia hapo kwa mashua za mpira, karibu bila hasara. Njia hiyo ilifunguliwa na mtu ambaye mpango haukumpa kazi hiyo, na ndiyo iliyogeuza vita. Mchana huo maji nayo yalianza hatimaye kupanda, na Shoup akatuma ujumbe uliomalizika kwa maneno mafupi: tunashinda. Tarehe 22 wahandisi wakiongozwa na Luteni Alexander Bonnyman walipanda juu ya handaki kubwa lililofunikwa mchanga na kulivunja kutoka juu. Bonnyman aliuawa hapo. Tarehe 23, baada ya Wajapani kumaliza nguvu zao katika mashambulizi ya usiku, kisiwa kilitangazwa kimekamatwa. Katika trekta 125, zipatazo 90 zilikuwa zimeharibika au kuzama.

Holland Smith aliandika baadaye kwamba Tarawa ingepaswa kupitwa tu. Mimi sikubaliani naye kikamilifu, kwa kuwa uwanja wa ndege ulitumika kweli katika kuandaa shambulio la Marshall. Hata hivyo hofu ya manowari za Truk, iliyofupisha upigaji wa mizinga hadi saa 3, ilikuwa imepoteza msingi wake kabla ya shambulio, kwani mapema Novemba meli nzito za Japani zilikuwa zimepigwa vibaya bandarini Rabaul, kituo chao kingine kikubwa. Aliyestahili kulaumiwa zaidi yuko juu ya divisheni. Julian Smith alipewa tarehe, akanyimwa rejimenti, akanyimwa muda, na akapewa trekta kwa kubishaniwa. Kosa lake yeye ni kwamba hakuwa na mpango wa tatu kwa ajili ya mashua zilizokuwa nyuma, endapo trekta hazitarudi.

Mabadiliko yalikuja kwa haraka isiyo ya kawaida. Nakala za ngome za Betio zilijengwa katika kisiwa cha Kahoolawe, Hawaii, ili manowari zijifunze aina ya kombora linalovunja zege, na vikosi vya wapiga mbizi wa kupima mwamba na kuondoa vizuizi vikaanzishwa. Kwajalein, katika visiwa vya Marshall, mwishoni mwa Januari 1944, ilipigwa mizinga kwa muda mrefu zaidi, na trekta zilikuwa nyingi zaidi. Divisheni ya 2 yenyewe ilirudi vitani tarehe 15 Juni 1944 huko Saipan, ikishuka bega kwa bega na Divisheni ya 4. Safari hii trekta zilikuwa zipatazo 700, zikawavusha mwamba askari 8,000 katika dakika 20 za mwanzo. Hasara ya siku hiyo bado ilikuwa kubwa, na Jim Crowe, aliyeongoza batalioni iliyoshika ufuo karibu na gati la Betio, alijeruhiwa vibaya, lakini hasara hiyo ilisababishwa na mizinga iliyokuwa nyuma ya vilima.